Sura ya Sita: Ridhaa ya Mfupa

Lugha yetu, ambayo haikosi jina la kitu kilichopata kumfurahisha au kumsikitisha mwanadamu, imetofautisha kwa makini nafasi mbili ziwezazo kuonekana kinywani mwa mtu achekapo. Ya kwanza ni mwanya, yaani ile nafasi ndogo ya maumbile baina ya meno mawili ya mbele, ambayo watu wa pwani tangu kale wameihesabu kuwa ni pambo na wakamsifia nayo bibi arusi. Na ya pili ni pengo, yaani mahali palipokuwa na jino na sasa hapana. Mwanya mtu huota nao, pengo hulipata. Mwanya huonyeshwa, pengo hufichwa kwa kiganja au kwa upindo wa mtandio. Na aliyepatwa na mapengo hata lisisalie jino huitwa kibogoyo, neno ambalo watoto hulitamka kwa kicheko na wazee hulipokea kwa subira. Sura hii inahusu pengo, na hasa inahusu njia moja ya kuliziba ambayo, katika muda wa miaka sitini hivi, imetoka katika jaribio la tabibu mmoja wa nchi ya baridi ikawa tiba itolewayo katika miji mingi ya dunia, Nairobi na Dar es Salaam zikiwamo: nayo ni kupandikiza jino.

Wako wadhanio kwamba hasara ya pengo ni hasara ya sura tu, na kwamba gego la ndani, maadamu halionekani, likitoka limetoka. Dhana hii ina kasoro. Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32, magego ya mwisho yakihesabiwa, nayo hayakutiwa kinywani kama kokoto katika kikapu, bali yamepangwa kama mawe ya tao la mlango, kila moja likimtegemea mwenzake. Likiondoka moja, jirani zake wawili huanza polepole kulalia upande wa uwazi, na lile lililokuwa likikutana nalo kutoka taya la pili, kwa kuwa sasa halina wa kulikabili, huteremka au hupanda kumtafuta mwenzi aliyekwisha kwenda zake. Chakula hupata maficho mapya, na kutafuna kote huhamia upande mmoja. Ama yakipotea meno ya mbele, ulimi nao huingia hasarani, kwa sababu f na v hutaka meno ya juu yaguse mdomo wa chini, th na dh hutaka ncha ya ulimi ipite baina ya meno, na mtu aliyekuwa akitamka thamani na dhahabu kwa ufasaha wa mwanachuoni hujikuta anapuliza upepo.

Lakini hasara iliyo kubwa kuliko zote ni ile isiyoonekana. Jino la asili halikugongomewa mfupani kama msumari katika ubao. Mzizi wake umetundikwa ndani ya tundu lake kwa nyuzi nyingi nyembamba mno, ambazo kila tutafunapo huvutwa na kulegezwa, na kwa mvuto huo huupelekea mfupa habari kwamba kazi ingalipo. Mfupa ni kitu hai, tena chenye uchumi mkali: hujijenga penye kazi na hujibomoa pasipo kazi. Siku jino ling'olewapo habari hukatika, na mfupa uliokuwa umelishika huanza kujivunja wenyewe. Upana wa ukingo wa taya, mahali palipong'olewa gego, huweza kupungua kwa takriban nusu katika miezi 12 ya kwanza, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo, wakati ambapo mwenye kinywa bado anashukuru tu kwamba maumivu yamemwondokea. Ndiyo maana uso wa kibogoyo wa miaka mingi huonekana umefupika, kidevu kikikaribia pua na midomo ikiingia ndani: haikukonda nyama, umekwenda mfupa. Msomaji na alishike jambo hili, kwa kuwa yote yatakayosemwa mbele yatalirejea.

Tamaa ya kuliziba pengo ni ya kale kuliko elimu ya kuliziba. Mwaka 1931, katika nchi ya Honduras, lilifukuliwa taya la chini la mtu wa taifa la Maya aliyeishi takriban miaka 1,400 iliyopita, na mahali pa meno yake matatu ya mbele palikuwa pametiwa vipande vitatu vya kombe vilivyochongwa kwa umbo la meno. Na wataalamu walipolipiga picha ya eksirei miaka mingi baadaye waliona dalili za mfupa ulioota kandokando ya vipande hivyo, ushahidi kwamba vilitiwa mwenyewe yu hai. Katika mji wa Kordoba, Andalusia, takriban mwaka 1000, tabibu Abul-Qasim al-Zahrawi, katika kitabu chake kikubwa cha al-Tasrif, alieleza namna ya kuyafunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu, akataja kwamba lililoanguka laweza kurudishwa mahali pake, au kubadiliwa kwa jingine lililochongwa katika mfupa wa ng'ombe. Na karne kadhaa kabla yake, wapokezi wa Hadithi wametuhadithia habari ya sahaba Arfaja bin As'ad, ambaye pua yake ilipotea vitani, akajifanyizia pua ya fedha, nayo ikaanza kunuka, hata Mtume akamwamuru afanye ya dhahabu. Na wanazuoni wakaifanya habari hiyo kuwa hoja ya kuruhusu dhahabu katika kukaza meno. Aisomaye kwa jicho la tiba ataona kwamba ndani yake mna kanuni nzima ya sura hii, nayo ni kwamba mwili haupokei kila madini, na kwamba madini yenye thamani sokoni yaweza kukataliwa na nyama.

Waliofuata hawakuizingatia kanuni hiyo. Katika London ya karne ya 18, mpasuaji mashuhuri John Hunter aliitangaza kazi ya kung'oa meno katika vinywa vya maskini waliokubali kuyauza na kuyatia moto moto katika mapengo ya matajiri; meno hayo hayakudumu, na mara nyingine maradhi ya muuzaji yalihamia kwa mnunuzi pamoja na bidhaa yake. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789, kinywani mwake lilikuwa limesalia jino moja tu la asili, na meno bandia aliyoyavaa maishani mwake yalitengenezwa kwa pembe ya kiboko, kwa meno ya wanyama na hata ya watu, yakashikanishwa kwa madini na kamani. Tangu fundi wa Maya hata mpasuaji wa London, hawa wote hawakukosa ustadi wa mkono. Walichokikosa ni ridhaa ya mfupa.

Ridhaa hiyo ilipatikana kwa bahati, na aliyeipata hakuwa tabibu wa meno. Mwaka 1952, katika Chuo Kikuu cha Lund nchini Uswidi, tabibu kijana aitwaye Per-Ingvar Brånemark, aliyekuwa akichunguza namna mfupa unavyopona, alitaka kuiona damu ikipita ndani ya mfupa ulio hai. Akatengenezewa kijumba kidogo cha titani chenye kidirisha cha kutazamia kwa hadubini, akakitia katika mfupa wa mguu wa sungura. Uchunguzi ulipokwisha alitaka kukitoa ili akitumie tena, maana kilikuwa chombo cha gharama, kikakataa kutoka. Mfupa ulikuwa umekikumbatia hata kukawa hakuna njia ya kuvitenganisha viwili hivyo ila kwa kuuvunja mfupa wenyewe. Mtu mwingine angaliandika hasara ya chombo katika daftari na kuendelea na kazi yake. Yeye alijiuliza kwa nini mfupa, ambao kwa kawaida hukizungushia kila kigeni utando wa nyama laini ili ukitenge, umekipokea kigeni hiki kana kwamba ni wa ukoo. Hali hiyo baadaye aliipa jina la kitaalamu, osiointegresheni, nasi kwa Kiswahili chepesi twaweza kuiita mshikamano wa mfupa na madini.

Miaka 13 ikapita, sehemu kubwa yake katika majaribio ya wanyama, kabla hajamtibu mwanadamu kwa njia hiyo. Mwaka 1965, Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro za taya na ambaye taya lake la chini halikuwa na meno, alikubali kutiwa parafujo nne za titani, zikabeba meno yake mapya. Matabibu wa meno wa nchi yake hawakumpokea Brånemark kwa mikono miwili, wala si haki kuwalaumu sana, kwa sababu vyuma vya namna nyingi vilivyojaribiwa kabla yake vilikuwa vimelegea, vikaleta usaha na kuwaacha wagonjwa pabaya kuliko walivyokuwa. Ilikuwa hata mwaka 1982, katika mkutano wa wataalamu mjini Toronto, Kanada, ndipo hesabu zake za miaka mingi zilipowekwa mezani na ulimwengu wa tiba ukasadiki. Larsson alifariki mwaka 2006, na parafujo zake zilikuwa zimemtumikia kwa miaka zaidi ya 40; Brånemark mwenyewe alifariki mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 85.

Kwa nini titani, si chuma wala fedha? Chuma cha kawaida kikipata maji hushika kutu, na kutu hiyo hukila hata kikaisha. Titani nayo hushika kutu, tena mara tu iguswapo na hewa. Lakini kutu yake ni utando mwembamba mno, mgumu, usioyeyuka, unaojifunga juu ya madini kama gamba, ukiyazuia ya nje yasiingie na ya ndani yasitoke. Mfupa, basi, haukutani na madini yenyewe, hukutana na utando huo, na ndani yake hauoni adui wa kupigana naye. Wala msomaji wa pwani asidhani kwamba jambo hili liko mbali naye. Mchanga wa Kwale, kusini ya Mombasa, ulichimbwa tangu mwaka 2013 hata mwisho wa mwaka 2024 kwa ajili ya madini yenye titani, yaani ilmenaiti na rutaili, pamoja na zirikoni, yakapakiwa melini huko Likoni. Sehemu kubwa ya titani ya dunia huishia katika rangi nyeupe, ya kuta, ya karatasi na hata ya dawa ya meno, na ni sehemu ndogo tu ifuliwayo kuwa madini. Na zirikoni ndiyo asili ya zirikonia, ile kauri nyeupe ngumu ambayo mafundi hutengenezea meno. Sisemi kwamba Kwale imo kinywani mwa fulani. Nasema tu kwamba mzizi wa jino la kupandikiza na jino lenyewe lionekanalo juu, vyote viwili asili yake hupatikana katika mchanga wa namna ile tunayoikanyaga.

Kifaa chenyewe huitwa kipandikizi, jina ambalo wanawake wengi wanalijua kwa maana nyingine, ya ile njia ya uzazi wa mpango iwekwayo chini ya ngozi ya mkono. Lakini kabla ya maana zote mbili neno hili lilikuwa la mkulima ahamishaye miche kutoka kitaluni kwenda shambani, nasi tutakuwa salama tukiufuata mfano wake. Jino la kupandikiza lina sehemu tatu. Kuna mzizi, nao ni parafujo ya titani, au skrubu kama wasemavyo mafundi wa leo, aghalabu yenye kipenyo cha milimita 3 hadi 5 na urefu wa milimita 8 hadi 13, ambayo huzama mfupani isionekane. Kuna shina, nalo ni kiungo kifupi kikazwacho juu ya mzizi na kutokeza ufizini. Na kuna taji, nalo ndilo jino la kauri lililofananishwa rangi na umbo na jirani zake. Wengi wajao kwa tabibu huuliza habari za taji, kwa kuwa ndilo watakaloliona katika kioo, nao ni kama mtu anunuaye shamba kwa kutazama maua yake, ilhali mavuno yote yategemea udongo.

Tabibu mwangalifu huanza kwa kuupima udongo huo. Hutazama ufizi, hupiga picha ya eksirei, na mahali penye mashaka hutaka ile picha ya kompyuta ionyeshayo taya kwa pande zote, ili ajue mfupa una kimo gani na upana gani, na nini kimejificha ndani yake. Katika taya la chini hupita mshipa wa fahamu ambao ukijeruhiwa huweza kuuacha mdomo na kidevu katika ganzi isiyokwisha. Na juu ya magego ya taya la juu, ndani ya shavu, mna uwazi wa hewa ambao parafujo ndefu kupita kiasi huweza kuutoboa. Siku ya kazi ikifika, mgonjwa hupigwa sindano ya ganzi, ufizi hufunuliwa, na tundu huchimbwa taratibu kwa keekee moja baada ya nyingine, kuanzia nyembamba hata ifikie kipimo, huku maji ya chumvi yaliyo baridi yakimiminwa bila ya kukatika. Maji hayo si ya kuosha damu tu. Mfupa ukipashwa joto la nyuzi 47 za Selsiasi kwa muda wa dakika 1 hudhurika, na mfupa uliokufa hauwezi kumkaribisha mgeni. Kwa hiyo fundi mwenye haraka, anayekandamiza keekee ili amalize mapema, huenda akaiunguza ridhaa aliyokuja kuiomba.

Hapo ndipo ianzapo sehemu ya kazi ambayo hakuna mkono wa mtu uwezao kuifanya. Siku ya kwanza parafujo hushikwa na meno yake tu, kama skrubu yoyote katika ubao. Katika majuma yafuatayo mwili huuondoa polepole mfupa uliobanwa na kujeruhiwa kandokando ya meno hayo na kuanza kujenga mpya mahali pake, na kwa sababu kubomoa hutangulia kujenga, hufika wakati, takriban juma la tatu au la nne, ambapo parafujo huwa dhaifu kuliko ilivyokuwa siku ile ilipotiwa. Mkulima hatalistaajabia hili, maana amezoea kuuona mche ukinyauka kwanza kabla haujashika. Mgonjwa, kinyume chake, wakati huo maumivu yamekwisha, uvimbe umekwisha, naye hushawishika kuujaribu upande ule kwa mfupa wa kuku au kwa bisi. Na parafujo ikitikiswa katika siku hizo mfupa hughairi, ukaizungushia ile nyama laini wauzungushiayo ugeni wote, na kazi yote ikawa bure. Desturi iliyotokana na mafundisho ya Brånemark ni kungoja takriban miezi 3 kwa taya la chini na hadi miezi 6 kwa taya la juu, ambalo mfupa wake ni laini zaidi. Siku hizi ziko njia za kufupisha muda huo, na katika miaka ya 1990 tabibu wa meno Paulo Malo wa Ureno aliieneza namna ya kukishika kinywa kizima cha meno juu ya parafujo nne, meno ya muda yakitiwa upesi; lakini hiyo ni ruhusa itolewayo pale mfupa ulipo imara na parafujo zimefungamanishwa pamoja, si kanuni ya kila mtu. Mstahimilivu hula mbivu, walisema wahenga, na hapa kula si fumbo.

Nani basi afaaye kupandikizwa? Uzee peke yake si kizuizi, na wazee wengi wamefaulu. Utoto ni kizuizi, kwa sababu parafujo iliyoshikamana na mfupa haisogei pamoja na meno mengine taya likuapo, na kijana aliyepandikizwa kabla ya ukuaji wa taya kwisha, ambao aghalabu huendelea hata umri wa miaka 18 au zaidi, huliona jino lake jipya likibaki chini kana kwamba limezama. Avutaye sigara huinyima damu njia ya kuufikia mfupa, na nafasi yake ya kushindwa ni kubwa kuliko ya asiyevuta. Mwenye kisukari kilichodhibitiwa aweza kufaulu kama mwingine, ila kisukari kilichoachwa huru huchelewesha kupona na kukaribisha usaha. Aliyepigwa mionzi ya saratani katika taya, na yule anywaye au achomwaye dawa za kuzuia mifupa isidhoofike, hawana budi kumweleza tabibu kabla ya jambo lolote, kwa maana taya lao huenda lisipone jeraha hata dogo. Na mwenye ugonjwa wa fizi hana budi kuutibu kwanza, kwa kuwa maradhi yaliyoyaangusha meno ya asili hayatayaheshimu ya kununuliwa.

Mfupa ukiwa umekwisha kupungua, tabibu aweza kuuongeza kwa unga wa mfupa, na hapa msomaji ana haki ya swali ambalo wengi huona haya kuliuliza. Unga huo waweza kutoka katika mwili wa mgonjwa mwenyewe, au katika mfupa wa ng'ombe uliosafishwa, au ukatengenezwa kiwandani. Na utando wa kuufunikia mara nyingi hutokana na ng'ombe au nguruwe. Mtu mwenye sharti la dini, Mwislamu kwa nguruwe au Mhindu kwa ng'ombe, na aulize mapema kwa lugha ya wazi, kwa sababu kabla ya kupasuliwa tabibu huwa na nafasi ya kuchagua kitu kingine, na baada ya kushonwa hana.

Yote yakienda vema, jino hilo litadumu muda gani? Uchunguzi mwingi waonyesha kwamba parafujo zaidi ya tisa katika kila kumi huwa zingali mahali pake baada ya miaka 10, nayo ni hesabu ambayo tiba chache za meno zaweza kujivunia. Walakini, kudumu huko kuna masharti. Jino la kupandikiza halitobolewi na wadudu, na wako ambao kwa sababu hiyo huacha kulipiga mswaki wakidhani wamepata jino lisilougua. Hilo ni kosa la ghali. Ukoga hushika juu ya taji na shina kama ushikavyo juu ya jino lolote, ukaingia chini ya ufizi na kuwasha uvimbe ambao, usipotibiwa, hula mfupa mpaka parafujo ikalegea. Na kwa kuwa nyuzi zile za hisia zilizolizunguka jino la asili hazipo tena, mambo hayo huweza kutendeka kimya, bila ya maumivu ya kumwamsha mtu usiku. Mswaki mara mbili kwa siku, uzi wa kupitisha kandokando ya jino, na kumrudia tabibu kwa ukaguzi hata pasipo maumivu: hiyo ndiyo kodi ya pango, na asiyeilipa hutolewa nyumbani.

Haingekuwa insafu kumaliza bila ya kuzitaja njia nyingine, kwa maana kupandikiza si faradhi. Liko daraja, ambalo huziba pengo kwa kuyachonga meno mawili ya jirani na kuyafanya nguzo. Ni kazi nzuri pale majirani hao walipokwisha kuharibika na kuhitaji mataji yao wenyewe, na ni dhuluma pale walipo wazima. Yako meno bandia ya kuvaa na kuvua, ambayo bei yake ni nafuu na ambayo yamewarudishia watu wasiohesabika chakula na heshima, ijapokuwa mfupa ulio chini yake huendelea kupungua, hata yale yaliyokaa barabara mwaka huu yakacheza mwaka ule. Na iko njia ya kati isiyojulikana vya kutosha, ya kutia parafujo mbili tu katika taya la chini ili zishike seti nzima ya meno ya kuvua, kama vifungo vishikavyo kanzu; wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada mwaka 2002 waliipendekeza kuwa ndiyo tiba ya kwanza ya kufikiriwa kwa kibogoyo wa taya la chini. Ama gharama ya kupandikiza jino moja ni kubwa kwa mtu wa kipato cha kawaida, na bima nyingi hulihesabu jambo hili kuwa ni urembo. Kwa hiyo aonaye bei iliyoshuka kupita kiasi, pamoja na ahadi ya kumaliza kwa siku moja, na aulize ni nini kilichopunguzwa: picha, parafujo yenyewe, au muda wa mfupa.

Nasi tumerudi pale pale kwenye mfupa, na hapo ndipo pa kumwachia msomaji neno la mwisho. Watu wengi huanza kufikiri habari za kuliziba pengo miaka mitano au kumi baada ya kulipata, wanapokuwa na fedha, na hukuta fedha zao zatakiwa kwanza kununua mfupa ambao walikuwa nao bure. Basi siku utakapoambiwa kwamba jino lako haliwezi kuokolewa, usiondoke kitini kabla ya kumuuliza tabibu mambo matatu: je, atalitoa bila ya kuuvunja mfupa ulio kandokando yake, je, yafaa tundu hilo lijazwe unga wa mfupa siku iyo hiyo, na je, iwapo utataka kupandikiza, urudi baada ya majuma mangapi. Hata kama huna fedha leo, na hata kama huna nia, uliza. Kuuliza hakulipiwi, na mfupa huanza kuhesabu siku zake tangu saa ile jino linapotoka.